Udongo wa Kigobe

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Sijisifu bure; muulize yeyote anayeuza vipuri vya magari Bujumbura, atakwambia Ramazani ni nani. Shule niliishia mwaka wa nne, na kalamu mpaka leo naishika kama spana, lakini nina maduka matatu ya pyesi za magari, nyumba mbili za ghorofa, na vijana wenye diploma wananiita patro na kunipisha kiti. Nimeona injini iliyofungwa kwa kamba ya kuanikia nguo ikipanda mlima hadi Bugarama. Nimeona mtu akiuza mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mnunuzi akiubeba kichwani kabla muuzaji hajamaliza kufunga mizigo ya kukimbia. Nimeona hayo yote na chakula hakikunikwama kooni. Basi Jumatano iliyopita, asubuhi, nilikuwa na chai yangu na maandazi, simu ikalia, nikaipokea huku natafuna.

“Kaka Rama,” ilikuwa sauti ya Mwajuma. “Mama ametuacha alfajiri ya leo.”

Nikasema maneno yanayosemwa. Mama Mwajuma alikuwa mwenye nyumba wangu ujanani, pale Buyenzi, na alikuwa amekula chumvi nyingi. Kifo chake hakikuwa cha kushangaza. Nikauliza wanazika saa ngapi, nikasema sanda ni juu yangu, na chakula cha watu ni juu yangu, maana mimi ndivyo nilivyo. Mwajuma akashukuru, akajifuta pua, kisha akasema: “Na ameacha wasia. Tukimulaza, chini ya shavu tuweke ule udongo wake wa tayamamu. Ule wa mu kopo, ulimuletea we kutoka Kigobe mwaka wa ambargo. Siku zote alisema hakuna udongo safi kuupita mu Bujumbura yote. Nimekuwekea. Utaubeba we mwenyewe, kaka, hiyo ni haki yako.”

Andazi likageuka pamba mdomoni. Nililitema kwenye kiganja, mbele ya mke wangu, mbele ya wajukuu. Mke wangu akauliza, “Kuna jiwe?” Nikamwambia ndiyo, jiwe. Ili ujue ni jiwe gani, lazima nikupeleke kwanza kwa mbwa.

Habari za baba na mama yangu sitaeleza. Kila mtu ana baba na mama. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, ndiyo ambargo yenyewe, petroli inauzwa kwa chupa za bia, na jioni ikifika ni kuvrefe: kila mtu ndani, anayeonekana nje anapigwa risasi kwanza na kuulizwa jina baadaye. Nilikuwa kibarua wa garaji moja Nyakabiga, na nilikuwa fundi kuliko bosi wangu, lakini spana zilikuwa zake. Fundi asiye na spana zake ni kama mtu anayeazima meno kila akitaka kutafuna. Sasa, kulikuwa na mjane mmoja wa kizungu, anakaa Kigobe, gari lake nilikuwa nalitengeneza mimi tu. Tulimwita Madamu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na stoo ya marehemu mumewe, na humo ndani, bwana wee: kompresa, mashine ya kuchomelea, jeki mbili za mafuta, na ukuta mzima wa spana zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa kama watoto wa shule. Kila nikienda pale naomba maji ya kunywa ili nipite mlangoni pa stoo ile. Vile vyombo nilivipenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Siku moja Madamu akaniita sebuleni. Kwenye mapaja yake kulikuwa na kitu cheupe, kidogo kama soksi iliyojazwa, sikio moja la kahawia, ndevu kama za kadhi, manyoya magumu kama brashi ya kusugulia bati. “Ramazani,” akasema kwa Kiswahili chake, “mimi nakwenda Ulaya, miezi tano. Nyumba nafunga. Hii ni mbwa terye, iko mutoto, ndege hapana kukubali yeye bila karatasi. Zamu ya geti analala inje. Hii lazima kulala ndani na mutu, kujifunza. Wewe kaa na yeye. Nikirudi, kama iko hai, na kama iko propre, anafanya inje na hapana ndani, vyombo yote ya bwana yangu ni ya wewe.” Kisha akanipa karatasi mbili za maelekezo, za Kifaransa, mistari imebanana kama mchwa. Nikazikunja, nikasema hiyo kazi naijua. Sikujua kusoma hata mstari mmoja, na kumwomba mtu anisomee nilikuwa sitaki. Mbwa aliitwa Biskwi.

Chumba changu kilikuwa cha hatua nne kwa tatu. Kitanda cha spiringi, jiko la mkaa, ndoo, msumari wa kutundikia ovaroli, na sakafu ya saruji iliyopasuka. Dirisha lilikuwa moja, na sikulifungua, maana mwaka ule dirisha wazi lilikuwa mwaliko. Mle ndani ndimo nilimoingia na mbwa, mimi niliyefundishwa tangu utoto kwamba mate ya mbwa ni najisi, kwamba yakigusa kitu, kinaoshwa mara saba. Wiki ya kwanza nusura nimtupe mtoni Ntahangwa. Alikojoa kwenye ndara. Alikojoa ndani ya ovaroli. Alinya katikati ya chumba, kisha akapita juu yake, kisha akapanda kitandani. Alitapika uji, akaurudia, akaula, akanitazama akijilamba ndevu kama mtu aliyealikwa harusini. Harufu iliingia kwenye ugali. Nilikuwa naosha mikono mpaka vidole vinakunjamana, halafu nakaa mbele ya sahani na kuikimbia. Na usiku nje huwezi kumtoa, kwa sababu mbwa mdogo anakojoa kila saa mbili, na kuvrefe haijui mbwa.

Mchana nikimtoa uani, wanawake wanahamisha masufuria. Ua ulikuwa wa vyumba vitano na bomba moja lenye kikohozi, na kila neno la uani lilipita juu ya mlango wangu wa mabati.

“Mi nasema, imbwa za mwaka huu tunajua zinakula nini.”

“Nyamaza, mama wee, tuko tunapika.”

“Ninyamaze ya nini? Kule ku milima watu wanakufa, nani anazika? Asubuhi hakuna kitu. Nani amesafisha?”

“Haka ni ka muzungu. Kanakula biskwi.”

“Leo biskwi, kesho kidole yako.”

Wakacheka, huku wakichagua mchele. Na mimi ndani nilimtazama yule mbwa, ndevu zake zimelowa, tumbo lake la waridi, nikaona kinyaa mpaka kwenye fizi. Si kwa alichokula, hakuwa amekula chochote, bali kwa kuwa na mdomo wa aina ile.

Mama Mwajuma akaniita kwenye baraza yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anauza kahawa na vitumbua tangu ujane wake, na hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. “We Ramazani, njo hapa. Kodi unalipa, tabia iko nzuri. Lakini mbwa ndani ya nyumba ya mwislamu? Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Na kwa sasa, kila anapokojoa unaosha mara saba, ya kwanza na udongo. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya dini yako, kama ungali nayo.”

Nikaosha. Nilichota ndoo ya udongo uani, nikaiweka pembeni ya kitanda, na kila alipochafua nilitupa udongo, nikasugua, nikamwaga maji, mara saba, huku goti linauma. Nilikuwa nimesugua chumba kizima kama siku kumi hivi ndipo nikaona jambo. Mbwa alikuwa haendi tena kwenye ndara wala kwenye ovaroli. Alikuwa anarudi palepale nilipopaka udongo. Nikitupa udongo pembe hii, anakwenda pembe hii. Nikitupa ile, anakwenda ile. Msomi angekaa kutafuta kitabu. Mimi nilikwenda kutafuta karai la zege, nikalijaza udongo, nikaliweka nyuma ya mlango. Alipolipanda na kukojoa humo, nikapiga makofi, nikasema “Eeh, bwana mkubwa!” na kumpa kipande cha biskuti. Mfukoni sikukosa biskuti tena. Alipokosea nilinyamaza, nikaosha; alipopatia, bwana mkubwa na biskuti. Ikafika mahali akinitazama tu najua anataka karai. Siku ishirini na mbili tone halikuanguka chini. Mimi, mtu wa mwaka wa nne, nilimfundisha mbwa kutumia choo ndani ya kuvrefe, na hakuna mzungu aliyeniambia namna ya kufanya.

Uani walianza kuniita Baba Biskwi. “Baba Biskwi, mutoto ameenda haja?” “Baba Biskwi, utamupeleka madrasa lini?” Nikawaacha. Tayari nilikuwa nasikia kompresa ikinguruma kichwani.

Ila mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na Mama Mwajuma hakuwa mtu wa kusahau tarehe. Mbwa akitoka kwangu, stoo ya Kigobe inatoka pia. Wiki ile Mama Mwajuma alikuwa mgonjwa: vidonda vilimtoka miguuni na mikononi, na daktari akamkataza maji. Asiyeweza kugusa maji hutayamamu. Hupiga viganja kwenye udongo safi, akajipaka uso na mikono, ndipo akaswali. Kwa hiyo Mwajuma alikuwa amemwekea mama yake, sakafuni karibu na mkeka, sinia la bati lililojaa udongo laini, uliochekechwa kwa chekeche la unga. Sinia hilo nilikuwa nimeliona kila nikipita kumjulia hali. Naapa nililiona. Sikufikiri.

Alhamisi, kabla ya alasiri, nikamkamata Biskwi, nikamfuta ndevu, nikaenda kupiga hodi. Nia yangu ilikuwa mama amwone, asahau mwisho wa mwezi.

“Karibu we. Imbwa ibaki inje.”

“Mama, huyu si mbwa tena. Huyu ni mwanafunzi.”

“Amesoma kukupita?”

Nyuma yangu uani wakaangua kicheko. Nikacheka nao, nikavimba kifua. “Mama, siku ishirini na mbili. Tone moja halijadondoka. Hata nikimwachia humu ndani kwako, hagusi kitu, anakaa kama mgeni.” Na kwa kiburi changu nikamweka chini kizingitini, nikaachia kamba.

Hakuzunguka, hakunusa mkeka, hakutazama kitanda. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinia kama mtu anayerudi kazini. Akapanda. Akageuka mara tatu, kama desturi yake, akachuchumaa juu ya ule udongo, na haikuwa mkojo peke yake. Alipomaliza akainua ndevu na kunitazama. Na mkono wangu, wallahi, haukuniuliza. Uliingia mfukoni wenyewe, ukatoa kipande cha biskuti, ukampa.

“Yarabi,” Mwajuma akasema, pasi ya mkaa ikining’inia mkononi. “Amemulipa!”

Harufu ilijaa chumba. Mama Mwajuma alitazama sinia, akaitazama mikono yake iliyofungwa vitambaa, akaitazama tena sinia. Nje muadhini akaanza kuadhini alasiri. Nilitamani anitukane.

“Sasa mi naswali na nini?” akauliza.

“Mama, nachota mwingine hapa hapa uani, sasa hivi…”

“Apana. Hapa uani mutoto wa Selemani aliangukia mulangoni kwangu, damu niliifagia mi mwenyewe. Na wa mutoni usilete, mutoni kunashuka watu. Na wa barabarani usilete.” Alikuwa anasema polepole, kama anayemtuma mtu sokoni. “We Ramazani, unitafutie udongo pasipomwagwa damu ya mutu. Kama mu Bujumbura hii ungali upo.”

“Kigobe, mama,” Mwajuma akasema. “Kwa ule muzungu wake. Kuna bustani, kuna ukuta.”

“Basi Kigobe. Na hako kanyama kasirudi. We sikufukuzi. Lakini nitakungoja, na swala itakayonipita leo, iko ku shingo yako.”

Nilitoka na ndoo mkono huu na mbwa ndani ya mfuko wa sukari mkono ule. Kwenye kizuizi askari walifungua mfuko, ndevu zikachomoza, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilifika Kigobe jasho linanuka mbwa. Nestori, zamu wa Madamu, mtu mwembamba wa makamo, akafungua geti nusu.

“Yemwe, Ramazani. Madamu alisema ukae nayo.”

“Amekwisha kufundishwa. Anajua kazi yake. Mlaze kibandani kwako, akikuangalia mfungulie. Anataka udongo tu, na hapa bustani nzima ni udongo.”

Nestori akamchukua, maana alikuwa anamwogopa Madamu hata akiwa Ulaya. Nikamwonyesha ndoo. “Na unijazie, pale chini ya mawaridi.”

“Mia mbili.”

“Mia mbili za nini?”

“Za udongo.”

“Nestori, udongo ni wa Mungu!”

“Wa Mungu uko inje ya geti, sha. Huu ni wa Madamu. Mi sijaona mushahara miezi miwili. Watoto wangu wanakula majani ya viazi, asubuhi na jioni.”

“Mia mbili! Nampa mtu mia mbili kwa udongo, mimi Ramazani? Waniite nini mjini?”

“Kwani sasa wanakuita nani?” akasema, bila ubaya, na Biskwi akamlamba kidevu.

Nilikuwa na faranga mia tano mfukoni. Nataka hilo liandikwe. Nilikuwa nazo, nazigusa kwa vidole, pamoja na makombo ya biskuti. Nikageuka na ndoo tupu. Sikuibiwa, sikukosa, sikutishwa. Niliona haya kununua udongo.

Jua lilikuwa linashuka na kuvrefe inakaribia. Nikapitia Nyakabiga, nyuma ya garaji yetu, kwenye mtaro. Pale, wiki iliyotangulia, tulipokwenda asubuhi kufungua kazi tulimkuta muuza makaa mmoja amelala, na hakuwa amelala. Walipomwondoa, sisi mafundi wenyewe tulipafukia kwa mabeleshi matatu ya udongo, kwa sababu nzi walikuwa wanaingia garaji. Udongo ule ulikuwa bado laini. Hilo tu. Kila mahali pengine ardhi ilikuwa kavu kama tofali, na pale ilikuwa laini, na muda ulikuwa umekwisha. Nilichimba kwa kifuniko cha kopo la grisi. Nikajiambia nachukua wa juu juu, wa juu tulileta kutoka kwingine. Kifuniko kilipozama zaidi kidogo udongo ukabadilika rangi, nikaacha, nikausawazisha kwa mkono, na ndoo ilikuwa imejaa.

“Umefika Kigobe?” Mama Mwajuma akauliza. Alikuwa amekaa vilevile nilivyomwacha.

“Nimefika, Mama. Chini ya mawaridi.”

Mwajuma akauchekecha kwenye sinia jipya. Mama yake akainama akaunusa, akafumba macho. “Kweli,” akasema. “Unanukia maua.” Akafungua vitambaa, akapiga viganja, akajipaka uso. Niliona vumbi limeshika kwenye kope zake na kwenye mikunjo ya midomo. Nilisimama pale mlangoni. Aliswali alasiri yake iliyochelewa, kisha magharibi ikaingia akaswali na hiyo, kisha akaniita nile naye, kwenye mkeka wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mpangaji. Kulikuwa na wali, maharage, na samaki mmoja wa kuokwa, mukeke wa ziwani, ambaye sijui alikuwa amemweka kwa ajili ya nani. Akachambua nyama ya tumboni kwa vidole vyake, akaiweka upande wangu wa sinia. Chini ya kucha zake kulikuwa na udongo ule. “Kula, mwanangu,” akasema. “Mutu aliyevuka mabarieri kwa ajili ya swala ya mwanamuke muzee, huyo Mungu anamujua.” Nikala. Nilimeza tonge kwa tonge, samaki yule, mwiba na yote. Mimi ni mtu wa kumeza, ndivyo nilivyotajirika.

Madamu alirudi mvua zilipokwisha, kuuza nyumba. Tukasimama verandani: yeye, mimi, na Nestori anafagia. Biskwi akanusa mlango, akalia kidogo, Madamu akafungua, mbwa akateremka ngazi mpaka kwenye matuta ya maua, akageuka mara tatu, akamaliza shida zake, akarudi. Madamu alipiga makofi na machozi yakamtoka. “Ramazani! Nani alifundisha yeye hivi?” Nikasema, “Mimi, Madamu.” Nestori aliyemfungulia mlango miezi yote ile aliendelea kufagia. Nilichukua vyombo siku hiyohiyo, kwa mkokoteni, safari nne, na miaka miwili baadaye bosi wangu wa Nyakabiga alikuwa anakuja kwangu kuazima jeki. Mbwa alikwenda Ulaya na karatasi zake. Sikumgusa wakati wa kuagana. Nilisema nina grisi mikononi.

Vidonda vya Mama Mwajuma vilipona. Udongo uliobaki akautia kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kitambaa, akaliweka kichwani mwa kitanda kwa ajili ya siku nyingine ya ugonjwa. Na siku za ugonjwa zilikuja, kama zinavyokuja kwa kila mtu. Kila nikienda kumsalimu, hata vita ilipokwisha, hata nilipokuwa nashuka kwenye gari la kioo cheusi, alikuwa anawaambia wageni: “Huyu ndiye aliniletea udongo wa Kigobe wakati watu wanaogopa kuvuka barabara.” Nilimwezekea nyumba upya. Nililipa hospitali. Nilimpeleka Hija kwa pesa yangu, na aliporudi akaniletea maji ya Zamzam, na kopo lilikuwa palepale. Ningeweza kumwambia. Mdomo huu unaojua kusimulia kila spana niliyowahi kununua ulikuwa unafika kwenye jambo hilo na kujaa mate.

Kwa hiyo Jumatano, baada ya andazi, nilichukua gari nikaenda Kigobe peke yangu. Nyumba ya Madamu imevunjwa, pamesimama jengo la ofisi. Mbele kidogo, ukutani, kuna mwanamke wa umri wangu anauza maua ya makopo, na udongo kwenye mifuko ya saruji.

“Huu unatoka wapi?”

“Hapa hapa nyuma, patro. Tunachanganya na mbolea ya ng’ombe.”

“Nataka usiochanganywa. Uuchimbe naona.”

“Wa maua gani?”

“Si wa maua. Kuna mtu ataulalia.”

Akaacha kutabasamu. Nikamwuliza kama pale pamewahi kumwagwa damu. Yeye naye alikuwa na miaka yake, akajua nauliza nini. “Patro, mji mzima siwezi kukuapia. Hapa palikuwa bustani, na mi nilikuwa mutoto wa mutunza bustani. Hapa naapa.” Akachimba mbele yangu, akaweka kwenye mfuko, akataja bei anayotajiwa mwenye gari kama langu.

Nyumbani kwa msiba Mwajuma alinipa kopo kwa mikono miwili. Nikasema nalipeleka garini lisije likamwagika. Nyuma ya buti nilimimina udongo wa zamani kwenye gazeti, nikaufunga. Nikaliosha kopo kwa maji ya chupa mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama alivyonifundisha marehemu, nikalikausha kwa kanzu yangu, nikalijaza. Makaburini mkwe wake alikuwa ameshuka ndani ya mwanandani, akanyoosha mkono juu. “Huu ndio wa Kigobe, kaka?” Nikamwambia, “Ndiyo. Huu ndio wa Kigobe.” Akausawazisha, akamlaza mama shavu lake juu yake.

Lile gazeti nililirudisha Nyakabiga. Pale nyuma ya garaji sasa kuna duka la simu, wamemwaga saruji, kumebaki ukingo mdogo tu wa mtaro. Nikachuchumaa nikaumwaga pale, nikausawazisha kwa mkono. Mtu wa dukani akapiga kelele, “Mzee, hapa si jalala!” Nikakunja gazeti, nikarudi garini.

Nestori alitaka mia mbili. Nimelipa faranga elfu kumi na tano na mia tano, na sikuomba kupunguziwa.